Picha za jasusi aliyeasi: maswali tunayoulizwa kila Jumamosi bandani

Banda letu la video liko Majengo, Moshi. Jumamosi saa mbili usiku tunaweka picha ya jasusi, mimi nakaa pembeni ya spika na maiki, natafsiri. Maswali ni yale yale wiki hadi wiki, na mengi huja mlangoni wakati nahangaika na chenji ya elfu kumi. Nimeyaandika hapa ili pale mlangoni tuongee habari ya kiingilio tu. Jibu likitegemea jingine nimekuelekeza liliko, sirudii.

## Kwanza kabisa

Picha ya jasusi ni ipi? Si zote ni za kupigana?

Kwenye picha ya kupigana tu, mtu kaibiwa, anamfuata mwizi, anampiga, mnakwenda kulala. Kwenye ya jasusi, mtu anapigana kwa ajili ya ofisi ambayo akishikwa itasema haimjui. Ukiona begi moja lina pasipoti tano, pesa za nchi tatu na bastola chini yake, ujue umefika.

Ofisi zinazotajwa sana ni za kweli. CIA ya Marekani ilianzishwa mwaka 1947. Ile ya Uingereza inayojulikana kama MI6 ina mizizi ya mwaka 1909. KGB ya Umoja wa Kisovieti iliishi kuanzia 1954 hadi 1991, kwa hiyo ukikuta mtu ana simu ya kupangusa na anasema anafanya kazi KGB, ama mwandishi kachanganya miaka ama huyo mzee anajidanganya.

Mbona hadithi ni ile ile kila wiki?

Ni ile ile, sikatai. Stering, yaani mhusika mkuu, alikuwa mtu wa kitengo. Akatumwa kazi, akaua mtu asiyestahili, au akawaacha wenzake wakafa. Akaasi ofisi, akapotea. Tunamkuta miaka kadhaa baadaye mahali pa mbali, ndevu zimejaa, anapasua kuni. (Sijawahi kuelewa kwa nini lazima ziwe kuni. Nadhani shoka linaonyesha misuli.) Gari jeusi linafika. Mkubwa wake wa zamani anashuka na koti refu, anamwambia imebaki kazi moja tu. Anakataa. Usiku wanakuja watu kuchoma nyumba. Asubuhi anabomoa sakafu na kutoa sanduku alilolificha, na tangu hapo ni miji minne, ngazi nyingi za kukimbilia na daraja moja la kuruka. Mwisho inajulikana kwamba aliyemtuma ndiye aliyemuuza.

Sasa tunalipa ya nini kama tunaijua?

Bibi yako aliposema paukwa mkaitikia pakawa, sungura mlikuwa mnamjua tangu juzi. Hakuna aliyesubiri kuona kama fisi atadanganywa. Mlisubiri kuona safari hii atadanganywaje.

Ila picha hizi zina kitu cha zaidi. Stering kakosa kabla sisi hatujaingia. Tunamkuta na deni tayari, na kwa saa mbili nzima tunamhesabia anavyolipa. Vijana wangu wa bodaboda, wanaokaa benchi la mbele, wanamhesabia kwa sauti: "Hapo bado! Hapo umelipa nusu!"

Stering anaweza kufa?

Hafi. Anayekufa ni rafiki yake mcheshi, hasa akishatoa picha ya mchumba wake mfukoni na kusema wanafunga ndoa mwezi ujao. Zipo chache ambazo stering mwenyewe anakufa, na hizo nimezijibu kwenye sehemu ya toba.

## Toba yenyewe

Kosa lake huwa ni lipi hasa?

Kuna anayetii amri aliyojua ni mbaya, kuna asiyetii wenzake wakaangamia, na kuna asiyekumbuka alifanya nini. Mimi napenda wa kwanza. Ana cha kujibu, kwa sababu kidole kilichovuta ni chake. Wa tatu ni mwandishi anayetafuta njia ya mkato: mtu asiyekumbuka kosa lake tunamwonea huruma bure, kabla hajafanya chochote cha kuistahili.

Kwa nini kila picha ikiisha unauliza kwenye maiki "isale iko wapi"?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na wageni huwa hawaelewi, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Isale ni mmea wenye majani marefu membamba. Wachaga huupanda kuwa mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, utauona ukipanda barabara yoyote ya kwenda juu mlimani. Na jani lake ndilo mtu huenda nalo kuomba msamaha. Ukiletewa isale ni vigumu kukataa, maana ukikataa lawama inahama kutoka kwa mkosaji inakuja kwako. Lakini jani likibaki mgombani ni jani tu. Lazima liende kwenye mlango wa yule yule aliyekosewa.

Sasa kuna Jumamosi moja tuliweka picha ambayo jasusi, ndani ya dakika kumi za mwanzo, anampiga risasi kijana mkalimani. Anamdhania adui. Tunamwona mama wa kijana mara moja tu, amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba, ameshika kiatu kimoja cha mwanawe. Halafu picha inaruka miaka sita. Jasusi anarudi kazini, anazuia bomu, anaokoa jiji zima. Mwisho anavalishwa medali, bendi inapiga, vijana wangu wanapiga miluzi, mimi mwenyewe maiki imepanda hadi spika inakwaruza.

Benchi la pili alikaa bibi mmoja kutoka Old Moshi, amekuja kumtembelea mjukuu wake fundi viatu. Alikuwa kajifunika khanga mpaka kichwani, nilidhani kalala. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya ndizi: "Na mama wa yule kijana, ameshapelekewa isale?"

Banda likanyamaza. Mtu wa nyuma akamjibu kwa adabu kabisa, "Bibi, lakini ameokoa watu milioni nane."

"Hao hakuwakosea," akasema.

Tangu siku ile siwezi kuangalia picha hizi kama zamani. Nyingi zinalipa deni kwa mtu asiyedai. Stering anaokoa rais, anaokoa treni, anamuua mkubwa wake, na yule aliyeumizwa dakika ya kumi hata jina hatupewi. Chache, chache sana, zinampeleka mpaka mlangoni. Anabisha, mwanamke anafungua, anamtazama, anafunga. Hakuna muziki. Kwa bahati mbaya hapo ndipo nusu ya banda hutoka kwenda kununua karanga.

Kwa nini mkubwa wake ndiye msaliti siku zote?

Sababu ya kwanza ni ya mfukoni. Ukiona mwigizaji mzee mwenye jina kubwa yuko ofisini na glasi mkononi, na katika saa nzima amesema maneno kumi, jua hakulipwa pesa zote zile kuja kukaa. Ana kazi mbele.

Sababu ya pili ndiyo inayoniudhi. Mkubwa akiwa ndumilakuwili, kosa la stering linapungua uzito. Amri ilitoka kwa msaliti, kwa hiyo damu ni ya msaliti, kwa hiyo akimuua tumemaliza. Hiyo ni kumhamishia mwenzio deni, na mama wa kiti cha plastiki bado amekaa pale pale.

Lazima kuwe na mtoto?

Karibu lazima. Mtoto ndiye anayemfundisha jasusi kucheka tena, halafu anatekwa.

Stering akifa mwishoni, amelipa?

Hapa banda huwa linagawanyika, na kuna Jumamosi mabishano yaliendelea hadi kwa muuza chipsi wa jirani. Wengi wanasema ndiyo, roho kwa roho. Mimi naona kifo ni njia ya mwandishi kukwepa ule mlango. Kufa ni dakika mbili na muziki mzuri. Kwenda kwa mwenye msiba, ukakaa kwenye benchi lake, akakutazama huku chai inapoa, hiyo waandishi wengi hawaiwezi.

Nikifika hapo kwenye maiki nasema tu, "Amekwenda na deni lake." Wapo wanaozomea. Ni haki yao, wamelipa.

## Lugha na tafsiri

Unatafsiri neno kwa neno?

Hapana, na anayekwambia anafanya hivyo anakudanganya. Mtu wa kwenye picha anaongea kwa kasi, mimi nina pumzi moja. Nasikiliza, naruka, nasubiri wanyamaze kidogo, ndipo nasema walichotaka. Kwenye risasi natulia. Zamani nilikuwa naongea mpaka kwenye risasi, mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, hiyo bunduki inajua kujieleza."

Kwa nini husemi "wakala"? Maandishi ya chini yanasema wakala.

Kwa sababu niko Tanzania. Yale maandishi mara nyingi ni kazi ya mashine. Jasusi anaingia chumbani, amelowa, damu inatoka begani, anasema jina lake na kisha "mimi ni wakala." Banda zima likaangua kicheko, na kijana mmoja akapaza sauti, "Nitolee elfu ishirini!" Wakala hapa ni mtu wa kutoa na kuweka pesa kwenye simu, ana meza, mwavuli na daftari. Picha iliharibika, haikurudi tena kwenye mstari.

Kwa hiyo mimi nasema jasusi, au mtu wa kitengo. Vilevile yale maandishi humwita mtoa habari "mali", na kinasa sauti kilichofichwa chini ya meza hukiita "mdudu". Nilishamwona mteja anainua miguu.

Jasusi na mpelelezi si kitu kimoja?

Mtaani tunachanganya. Kwenye maiki mimi natenganisha: mpelelezi anatafuta aliyefanya kosa ili afikishwe mahakamani, jasusi anatafuta siri na hataki hata ijulikane kwamba aliitafuta. Ukiona pingu ni mpelelezi.

Kwa nini unawapa wahusika majina ya huku?

Majina matatu ya Kirusi yanayofanana yakiingia kwa mpigo, ukifika dakika ya ishirini hakuna anayejua nani kamuua nani. Nikisema "Mangi" kila mtu anamwona mwenye pesa na hesabu. Nikisema "Meku" ni mzee. Stering simbadilishi jina. Na miji siibadilishi: Berlin ni Berlin. Kuna mwenzangu mjini aliigeuza Vienna kuwa Boma Ng'ombe, na watu wakauliza lile jumba la opera liko upande gani wa stendi.

Mtindo huu ulianza na nani?

Tanzania jina ambalo wakubwa wanalikumbuka ni Lufufu wa Dar es Salaam, enzi za kaseti za VHS. Kenya wana DJ Afro. Uganda wako mbele yetu sote, na wao watafsiri wa picha wanawaita vijei. Mimi ni mwanafunzi tu, na sauti yangu baada ya picha mbili huwa imekwisha.

## Kipi kweli, kipi uongo

Bastola yenye kiwambo cha kupunguza sauti inalia "pyuu" kweli?

Hailii hivyo. Mlio wa bunduki unafika kama desibeli 160. Kiwambo kizuri hupunguza kati ya 20 na 35, kwa hiyo kinachobaki bado kinasikika nyumba ya jirani, ni kama mtu kapiga bati kwa nyundo. Tena risasi nyingi huenda kasi kuliko sauti, ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde, na zenyewe hewani hupasuka kama mjeledi. Kiwambo hakina la kufanya hapo.

Mbona risasi haziishi?

Bastola ya Glock 17, mfano, magazini yake ya kawaida inabeba 17. Mteja wangu mmoja, mwalimu wa hesabu, aliwahi kumhesabia stering 41 bila kubadilisha magazini. Siku hizi nikiona zimepita 17 nasema kwenye maiki, "Mwalimu, tusamehe."

Gari likipigwa risasi kwenye tangi linalipuka?

Linavuja. Petroli haiwaki mpaka mvuke wake uchanganyike na hewa na upate cheche. Ule moto mkubwa wa machungwa umeandaliwa na mafundi, na gari lenyewe mara nyingi halina hata injini.

Ni kweli lazima uongee sekunde sitini ndipo wakupate kwa simu?

Hilo limebaki tangu enzi za simu za waya, waandishi wanalipenda kwa sababu ya ile saa inayohesabu kushuka. Simu ya mkononi ikiwa imewashwa na imeshika mtandao, mtandao unajua iko chini ya mnara gani hata kama hujapiga. Mjini minara imekaribiana, kwa hiyo eneo linakuwa dogo. Huko mashambani mnara mmoja unabeba kilomita kadhaa, na kukupata ni kazi zaidi.

Jasusi anaweza kununua laini, akapiga mara moja, akaitupa?

Kwenye picha, kila siku. Moshi, ajaribu. Hapa laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na wale ambao hawakusajili hivyo walianza kufungiwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Jasusi wetu angekuwa kwenye foleni na kopi ya kitambulisho mkononi, anaambiwa vidole havisomi, akanawe mikono.

Mtu anaweza kupigwa kichwani akasahau jina lake lakini akakumbuka kupigana?

Kusahau baada ya kuumia kichwa kupo. Ila kinachopotea mara nyingi ni yale ya karibu na ajali: ulikuwa unakwenda wapi, nani alikuwa dereva. Kupoteza jina na maisha yote huku lugha nne zimebaki ni nadra mno. Na la kuzirai saa tatu halafu unaamka unakimbia, usilijaribu nyumbani. Aliyezirai hata dakika chache anatakiwa apelekwe hospitali.

Majasusi wa kweli hufanya kazi hivi?

Kazi nyingi ya ujasusi ni kusoma, kusikiliza na kuandika ripoti, na hakuna atakayelipa kiingilio aone mtu anaandika ripoti. Kwetu ipo Idara ya Usalama wa Taifa, ambayo sheria yake ni ya mwaka 1996. Zaidi ya hapo wateja huniuliza kwa kunong'ona, na mimi najibu kwa sauti kubwa kwamba sijui lolote, nauza tiketi.

## Huku kwetu

Picha ya jasusi ingeweza kuchezwa Arusha au Moshi?

Arusha ni kama imeandaliwa. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako pale, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko pale, kwa hiyo wanadiplomasia hawaishi kupita. Namanga, mpakani na Kenya, ni mwendo wa kilomita mia na kitu. Halafu kuna tanzanite, madini yanayochimbwa Mererani tu duniani kote, yaliyojulikana mwaka 1967. Mwaka 2018 ulizinduliwa ukuta wa kilomita zipatazo 24 kuzunguka machimbo. Ukuta, lango moja, jiwe linaloenea kwenye kiganja: mwandishi anataka nini tena?

Kuhusu toba, Arusha iliona ya kweli, na siyo ya kuchezea. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa pale mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji yale, alikiri makosa na mwaka 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha. Baadaye alitaka kurudi nyuma kwenye kukiri kwake, rufaa ikakataliwa. Mashahidi wengi walitoa ushahidi wakiwa nyuma ya pazia, wakiitwa kwa herufi badala ya majina. Nikikumbuka hilo, zile picha za medali na bendi naziona ndogo.

Na kufukuzana kwa magari barabara ya Moshi–Arusha?

Hiyo sahau. Ni kilomita kama 80, na kila penye makazi kuna kibao cha 50, na penye kibao kuna trafiki na tochi kajificha kivulini. Adui angeshikwa Kwa Sadala, stering angeshikwa Maji ya Chai, wote wawili wangelipa faini, na matuta ya Usa River yangemaliza kilichobaki cha springi. Afadhali wafukuzane kwa bodaboda sokoni Mbuyuni siku ya gulio. Hapo hata mimi ningelipa.

Kuna picha kubwa ya nje iliyowahi kupigwa huku?

Ipo, ingawa si ya ujasusi: *Hatari!* ya mwaka 1962, iliyoongozwa na Howard Hawks, John Wayne akiwa stering. Inahusu watu wa kukamata wanyama, na sehemu kubwa ilipigwa Momella, ambako leo ni karibu na Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mwigizaji mwenzake, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda akanunua shamba huko huko. Wazee wa Usa River bado wanakuhadithia magari yalivyokuwa yanapita.

Waswahili hatuna jasusi wetu?

Tunaye, ila yuko vitabuni. Kabla ya mabanda haya, vijana walikuwa wanaazimana riwaya za Elvis Musiba mpaka gamba linatoka. *Kufa na Kupona* ya mwaka 1974 ndiyo iliyomleta Willy Gamba, jasusi wa Kiafrika anayefanya kazi enzi ambazo Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na makao Dar es Salaam. Ben Mtobwa naye akatupa Joram Kiango. Willy Gamba hana haja ya kutubu, anaipenda kazi yake, na mkubwa wake si msaliti. Ukitoka kwenye picha zetu ukamsoma yeye utashangaa jinsi mtu anavyoweza kuwa jasusi bila kupasua kuni.

## Bandani

Kiingilio ni bei gani, na watoto wanaruhusiwa?

Jero, yaani mia tano. Watoto hawaingii Jumamosi usiku, hata akija na kaka yake, hata akilia. Kuna mama alinijia juu akisema mwanawe ameshaona mengi kwenye simu. Inawezekana, lakini hakuyaona kwangu.

Umeme ukikatika katikati?

Tunasubiri robo saa. Ukirudi tunaendelea. Usiporudi nawasimulia mwisho kwa mdomo, bure, kwa tochi ya simu. Kuna wateja wanaoapa kwamba mwisho wangu ulikuwa mzuri kuliko wa kwenye picha.

Naweza kuleta flashi yangu muweke?

Hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuitafsiri na kuionyesha hadharani, na maonyesho yenyewe yapo chini ya Bodi ya Filamu kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Sisi tunaweka tulizopewa ruhusa, ndiyo maana nyingi ni za zamani au za kampuni ndogo ambazo hujawahi kuzisikia. Najua wengine hawafanyi hivyo. Zamani hata mimi sikufanya, na siku niliyonyang'anywa deki na spika nilirudi nyumbani kwa miguu.

Mteja akisimulia mbele anafanywaje?

Mara ya kwanza anaonywa. Mara ya pili anahamishiwa benchi la nyuma, karibu na mlango wa choo. Kusema "mkubwa wake ndiye msaliti" hakuhesabiwi, kwa sababu nimeshasema mwenyewe hapo juu.

Nikichelewa dakika kumi nimekosa nini?

Ukichelewa katikati hujakosa kitu, mwenzako atakueleza kwa sentensi moja. Ukikosa dakika kumi za mwanzo umekosa deni. Utaona mtu mwema anawapiga watu wabaya, na hutaelewa kwa nini benchi la mbele halimshangilii.

Kuna picha ambayo isale ilifika?

Mbili, kwa hesabu yangu. Moja jasusi anapanda basi siku nzima, anafika kijijini, anamkuta baba wa marehemu anarekebisha uzio. Hasemi kitu. Anashika upande wa pili wa mti na wanausimamisha pamoja. Inaishia hapo. Watu watatu walidai pesa yao.

Yule bibi bado anakuja?

Anakuja kila akiwa mjini, benchi la pili, na kiingilio haulizwi. Jumamosi iliyopita alisinzia pale helikopta zilipoanza. Picha ilipokaribia kuisha akafungua jicho moja, akaniuliza kama yule mtu ameshakwenda kwa wale aliowakosea.

Nikamwambia bado, bibi.

"Basi akienda mniamshe."